Ndiva au Lambo? Mjadala wa Makanya Kuhusu Ubunifu wa Lugha

Sentensi yenyewe ni fupi: "Kabla jogoo wa kwanza hajawika ndiva ilikuwa imejaa, na mzee akazibua tundu bila kumwita mtu." Imo katika hadithi ya binti wa Makanya anayeanza kuandika. Mhariri wa Dar es Salaam ameirudisha ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno moja, na pembeni ameandika neno la kuchukua nafasi yake: lambo. Ubishi ulianzia hapo, lakini umekwenda mbali kuliko maneno hayo mawili, kwa sababu unagusa swali ambalo kila anayeandika Kiswahili hulikuta njiani. Mwandishi ana uhuru kiasi gani juu ya lugha, na uhuru huo anaupata kwa nani?

Wazungumzaji ni wanne na hawana majina. Wamebuniwa kwa ajili ya hoja zao: Mwandishi mwenyewe; Mhariri; Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari; na Bibi, mkulima wa Bangalala, kijiji kilicho upande wa juu wa Makanya. Watu, vitabu na matukio wanayoyataja ni ya kweli.

Makanya panafaa kwa ubishi huu. Ni kata ya wilaya ya Same, uwandani, chini ya Milima ya Upare Kusini. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha inapita hapo, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita hapo pia. Kuna mkonge na kuna machimbo ya jasi. Kwa miaka mingi watu wamekuja kutafuta kazi kutoka mbali, na Chasu, lugha ya Wapare, imeishi jirani na Kiswahili na lugha nyingine nyingi. Kilicho haba ni maji. Mto Makanya hushuka kwa nguvu mvua inaponyesha milimani, na wakulima wa chini huyaelekeza mafuriko hayo mashambani. Wa juu wana ndiva.

"Dada, hadithi yako ni nzuri, ndiyo maana nimeisoma mara mbili," anaanza Mhariri. "Lakini simchapishii mtu wa Makanya peke yake. Kitabu kikifika Mtwara, Lamu au Bukavu, msomaji atakutana na ndiva na atasimama. Akisimama mara tatu katika ukurasa mmoja, anakiweka kitabu chini. Kiswahili kina lambo, na lambo ni maji yaliyokingwa yakakaa. Kuna ubaya gani?"

"Sina ugomvi na lambo," anajibu Mwandishi. "Tatizo ni kwamba halibebi hadithi. Watanzania wengi wakilisikia wanawaza ng'ombe wanakunywa. Mtu akienda lamboni alfajiri peke yake hajamkosea yeyote. Mzee wangu amewakosea wenzake. Ukitoa ndiva, kosa lake linapotea, na kosa hilo ndilo hadithi."

Bibi analijua kosa hilo kuliko wote. Anaeleza kwamba ndiva hupokea maji ya mfereji usiku kucha, watu wakiwa wamelala, na hufunguliwa asubuhi kwa ajili ya mashamba. Maji hugawiwa kwa zamu, na zamu zina kamati ya kuzisimamia. Tope likijaa au ukingo ukibomoka, watu huitwa kwenye msaragambo, na asiyefika hana uso wa kudai maji. Kisha anamgeukia binti. "Mjukuu wangu, hayo yote hukuyaandika. Umeandika mzee kazibua tundu, basi, kama anafungua bomba la nyumbani kwake. Mtu wa Bangalala ataona mwizi. Huyo wa Lamu ataona nini?"

Kwa maneno hayo Bibi amewapa wote wawili haki. Neno ndiva lina sheria ndani yake, kwa hiyo halibadilishwi hivi hivi. Lakini sheria hiyo anaijua anayeishi nayo tu, na mwandishi hawezi kumwachia msomaji neno na kumwachia pia kazi ya kutafuta uzito wake.

Mwalimu amekuwa akisikiliza, na hapa anaomba nafasi. Anaona vijana wanasema ubunifu wakimaanisha kuachana na kanuni, na hilo linamkera. "Kanuni haijawahi kumzuia mtunzi mwenye kipaji," anasema. "Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika. Jina hilo kalitoa wapi? Amechukua kitenzi sadiki, akakipa mnyambuliko ambao mtoto wa darasa la sita anaujua, akaweka ku- mbele, ikawa nchi. Hakuomba neno kwa mtu wala hakuvunja sarufi. Katika nchi hiyo ya kwenye maneno aliweza kuzungumza habari za dhuluma na sheria mbovu akiwa chini ya utawala wa kikoloni. Huo ndio ubunifu ninaouheshimu."

Anaendelea na mfano wa pili. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliyachukua mashairi ya vina na mizani akayafanya yajibizane jukwaani, na ngonjera ikapata umbo ambalo shule zote za Tanzania zinalijua. Chama cha washairi, UKUTA, kilizitumia ngonjera kueneza Azimio la Arusha. Kila kina kilibaki mahali pake. Kilichobadilika ni kwamba shairi sasa lilikuwa na watu wawili wanaobishana.

"Na Kezilahabi, Mwalimu?" anauliza Mwandishi.

Swali hilo halihitaji maelezo kati yao. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi kitabu hicho kilikuwa ndiyo mizani ya kumpimia mshairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na mgogoro wa ushairi ukaendelea magazetini, vyuoni na vitabuni kwa miaka mingi. Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa aina zote mbili na anatakiwa aeleze tofauti zake.

Mwalimu hakwepi. "Kezilahabi aliacha vina, ni kweli. Lakini soma tena uone alivyoibana lugha kwa njia nyingine. Picha zake zinafuatana, hakuna iliyotupwa. Wanaomuiga wanaacha vina na hawaweki kitu. Hapo ndipo ninapogombana na vijana."

"Tumekubaliana, basi," anasema Mwandishi. "Aliyeondoa kitu aweke kingine chenye kazi. Lakini mimi sikuondoa kitu, Mwalimu. Nimeleta. Na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha Kimbunga."

Mwalimu anacheka kidogo, kwa sababu amebanwa kwa haki. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu, aliandika Kimbunga kwa Kiswahili chenye maneno ya Kitumbatu, na diwani hiyo ikasomwa na wanafunzi wa sekondari Tanzania Bara. Vijana wa milimani wasiowahi kuona kisiwa walikaa na maneno ya kisiwani mpaka wakayaelewa. Hakuna aliyedai Haji Gora aandike upya kwa lugha ya Dar es Salaam.

Mhariri anataka kutenganisha mambo mawili. Kitumbatu, anasema, ni lahaja ya Kiswahili, na msomaji ana pa kuanzia. Chasu ni lugha nyingine. Kuna tofauti kati ya kufungua chumba kingine cha nyumba ileile na kumpeleka mgeni nyumba ya jirani.

Mwalimu, kinyume cha matarajio ya wengi, ndiye anayempinga. Kiswahili sanifu, anakumbusha, hakikushuka kikiwa kimekamilika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tangu hapo msingi umebaki Kiunguja, lakini nyumba imeendelea kujengwa kwa miti ya misitu mingi. Ikulu imetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ngeli, ambayo hakuna mwalimu wa sarufi anayeweza kufundisha bila kuitaja, imetoka kwa Wahaya. Vyuo vikuu vilipotafuta jina la sehemu kubwa za masomo vilichukua kitivo, neno la watu wa milima hii, Wapare na Wasambaa, ambao kwao lilikuwa ardhi yenye rutuba. "Na Bibi ametumia msaragambo sasa hivi," anamwambia Mhariri. "Hukushtuka, kwa sababu limeshaingia. Siku moja nalo lilikuwa geni kwa mhariri fulani."

"Limeingia kwa sababu watu walikuwa wanalifanya," anasema Bibi.

Kauli hiyo ni fupi na inastahili kukaliwa. Maneno mengi ya Kiswahili yaliyodumu hayakuanzia kwenye kitabu. Ukanda wa mkonge, kutoka Tanga na kupanda na reli, ndio uliokuza neno manamba. Vibarua walioletwa kwa mikataba kutoka mikoa ya mbali waliandikishwa kwa namba, na namba ikawa jina lao. Neno hilo lina uchungu wa mtu kuitwa kwa tarakimu. Hakuna kamati iliyolitunga, na hakuna maelezo ya historia ya kazi za mashambani Tanganyika yanayoweza kuliruka.

Mwalimu anaongeza kwamba hata maneno ya kamati hupata uhai kwa njia hiyohiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limesanifu maneno mengi, na yapo yaliyobaki kwenye orodha tu. Kishikwambi lilikuwa neno la wachache mpaka Sensa ya mwaka 2022, makarani walipoingia mitaani na vijijini wakiwa nacho mkononi.

"Alikuja na kwangu," anasema Bibi. "Akasema subiri niandike kwenye kishikwambi. Sikumuuliza ni nini. Nilimwona anakigusa kwa kidole."

Kwa Mwandishi hilo ni jibu alilokuwa akilitafuta, na Mhariri analiona pia. Lakini kabla hawajafika huko, binti ana mfano mmoja zaidi, na anaamini utamaliza ubishi. Ukivuka bonde la Mkomazi na kupanda Usambara utawakuta Wambugu, watu ambao historia yao imepitia Upare. Wana namna mbili za kusema. Moja iko karibu sana na Chasu. Nyingine, ambayo wataalamu huiita Kima'a au Kimbugu cha ndani, ina sarufi ileile, viambishi vilevile, lakini sehemu kubwa ya maneno yake ni tofauti, mengi yakiwa na asili ya Kikushi. Maarten Mous, mwanaisimu Mholanzi, alitoa kitabu kizima juu yake mwaka 2003, na kwa maoni yake wasemaji wenyewe waliyakuza maneno hayo kwa makusudi, ili wabaki kuwa watu tofauti na majirani zao. "Jamii nzima imebuni msamiati," anasema Mwandishi. "Mimi ninaomba neno moja."

Mhariri anaujua mfano huo, na jibu lake ndilo zito kuliko yote aliyotoa. "Dada, Wambugu walibuni ili jirani asielewe. Wewe unaandika ili asiyekujua akuelewe. Kazi hizo mbili zinakwenda pande tofauti. Mwandishi akipanga maneno ya kwao kwa ajili ya kuonyesha kwamba ni ya kwao, amejenga ua, na mimi nitaubomoa kila nikiuona."

Mwandishi hana haraka ya kujibu. Mwalimu ndiye anayesema kwamba mfano wa Wambugu unafundisha jambo la pili: maneno yalibadilika, sarufi ikabaki. Atakaye kuwa jasiri katika maneno awe imara katika muundo wa sentensi, kwa sababu msomaji aliyekosa neno bado anaweza kushika njia, lakini aliyekosa sentensi amepotea.

Liko pia suala la ukweli, na Bibi hataki lipite. Ubunifu wa lugha si wa waandishi tu. Watawala nao hubuni. Wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni na wakuu wa Upare walipoleta kodi mpya iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya mtu, waliiita mbiru, jina la ushuru wa kale ambao watu waliwapa watawala wao wa jadi. Jina lilikuwa la zamani, jambo lilikuwa jipya, na Wapare waliiona tofauti. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same, makao makuu ya wilaya, na wakakaa huko kwa miezi wakipokezana. Wanawake nao baadaye waliandamana. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1971 alichokiita Mbiru.

"Mimi nilisimuliwa na mama yangu," anasema Bibi. "Walichukua neno letu wakalivika kazi yao. Kwa hiyo wewe mjukuu wangu ukichukua neno letu, likae na kazi yake."

Hapa mjadala unafika mahali ambapo gazeti hili linataka kusimama kwa uwazi. Ubunifu wa lugha katika uandishi hupimwa kwa kazi ambayo neno linaifanya ndani ya sentensi na kwa uaminifu wake kwa jambo linalotajwa. Neno la mlimani, la kamati, la mtaani au la Shaaban Robert huingia kwa mlango huohuo. Mwandishi anayeandika lambo kwa kuogopa msomaji wa mbali amempunja msomaji huyo, kwani amemnyima kitu ambacho angeweza kukijua. Na anayeandika ndiva akaishia hapo amempunja pia.

Kinachobaki ni ufundi, na ufundi unahitaji kalamu. Njia rahisi ni faharasa mwishoni mwa kitabu, au kuziinamisha herufi za neno ili lionekane geni. Mwandishi anazikataa zote mbili, na anamtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, ambaye amewahi kueleza hadharani kwamba hapendi wachapishaji wanapotaka maneno ya Kiswahili katika riwaya zake za Kiingereza yainamishwe au yawekewe faharasa. Mwaka 2022 riwaya yake moja ilirudi nyumbani kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ikiwa msomaji wa Uingereza anaweza kuaminiwa na neno la Kiswahili, msomaji wa Lamu anaweza kuaminiwa na neno la Chasu.

Mhariri anampa karatasi. Baada ya kufuta mara kadhaa, Mwandishi anasoma: "Maji ya usiku yalikuwa ya ndiva, na ya asubuhi yalikuwa ya mwenye zamu, hivyo ndivyo kijiji kilivyokubaliana. Zamu ya mzee ilikuwa Alhamisi. Jumanne, kabla jogoo wa kwanza hajawika, ndiva ilikuwa imejaa, na mzee akazibua tundu bila kumwita mtu."

Bibi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mhariri anafuta mstari mwekundu. Hakuna faharasa wala mabano, na msomaji wa Bukavu ameshajua kwamba ndiva hujaa usiku, ni ya watu wote, na mzee ameiba. Neno limeelezwa na wizi wenyewe.

Hata hivyo Mhariri hajamaliza. Katika kurasa nyingine za hadithi ameona maneno matatu ya Chasu yaliyosimama badala ya mambo ambayo Kiswahili kinayataja vizuri bila upungufu wowote. Anamuuliza Mwandishi kila moja linafanya kazi gani. Kwa mawili Mwandishi hana jibu, na anakubali yatoke. La tatu analing'ang'ania: ni namna mama katika hadithi anavyomwita mwanawe, na anasema mama huyo hajawahi kumwita mtoto wake kwa lugha nyingine. Mhariri analiacha.

Mwalimu na Mwandishi hawajapatana kuhusu shule. Mwalimu anasema angemruhusu mwanafunzi wa Makanya kutumia neno la kwao katika insha ya darasani, kwa sharti kwamba sentensi ilieleze. Katika mtihani wa taifa angemshauri asithubutu, kwa sababu msahihishaji yuko mbali na ana rundo la karatasi mbele yake. Mwandishi anaona ushauri huo unamfundisha mtoto kwamba lugha ya kufikiria ni moja na ya kupata alama ni nyingine. Tangu mwaka 2023, anasema, nchi ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Haiwezekani kusubiri riwaya za kushinda tuzo kutoka kwa vijana waliozoeshwa kuogopa kalamu zao. Mwalimu anajibu kwamba yeye amesahihisha insha kwa muda mrefu, na kwa kila mtoto mmoja aliyezuiwa kubuni ameona wengi waliobuni kwa kutojua kuandika. Wote wawili wana ushahidi, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Bibi ana ombi, na ombi hilo analielekeza kwa Mhariri. "Mwanangu, kabla hujachapa, hadithi hii isomwe kwenye mkutano wetu wa maji. Pale wapo wanaoijua ndiva na wapo wasiojua kusoma. Kama binti huyu amekosea, watamwambia."

Mhariri anasema ratiba ya kiwanda cha uchapaji haimruhusu kuchelewa sana. Mwandishi anamwomba wiki mbili, na anapewa. Mwalimu amekubali kuwa msomaji, mradi wasikilizaji wamkatize kila watakapotaka, na Mwandishi akae pembeni na daftari lake aandike walipomkatiza.